Karatasi Iliyokunjwa Mara Nne

Karatasi imekunjwa mara nne na imelowa jasho la kiganja. Mwenye nayo ana miaka minane. Ameketi benchi la tatu, kati ya mama yake na bibi yake, na miguu yake haifiki sakafuni. Ni jioni ya maungamo ya kwanza, wakati wa Kwaresima, saa moja na robo, ndani ya kanisa la mawe katika parokia ya vijijini magharibi mwa Ayalandi. Nje mvua inanyesha. Ndani makoti yaliyolowa yananuka sufu. Zamu yake ikifika atainuka, atapita mbele ya watu wanaomjua tangu anazaliwa, ataketi kando ya padre, ataikunjua karatasi na kusoma: nilimpiga ndugu yangu, sikumtii mama, nilisema uongo.

Benchi la nyuma yake kuna mtoto mwingine mwenye karatasi kama hiyo. Nilimpiga ndugu yangu, sikumtii mama, nilisema uongo. Darasa zima liliandika siku moja, kutoka ubao mmoja.

Huyu wa pili ni mtoto pekee kwao. Hana ndugu wa kumpiga.

Kwa wiki kadhaa mtoto wa namna hii amekataa kunitoka akilini. Hajafanya ubaya wowote, kafanya alichoagizwa. Ila siku ya kuonja huruma ya Mungu kwa mara ya kwanza, ameionja kwa kosa la kuazima. Na sisi watu wazima tumekaa nyuma tumeridhika, kwa sababu hakukwama.

## Ubao haukujiandika wenyewe

Ayalandi maandalizi ya maungamo ya kwanza hufanyika zaidi shuleni. Takriban shule 9 kati ya 10 za msingi ziko chini ya Kanisa Katoliki, ingawa mishahara ya walimu hutoka serikalini. Watoto wa darasa la pili huungama wakati wa Kwaresima au Majilio, kisha hupokea Komunyo ya Kwanza mwezi Mei. Darasa la pili la kwao ni mwaka wa nne shuleni, kwa kuwa wanaanza na miaka miwili ya chekechea katika shule hiyohiyo. Ndiyo maana wana miaka 7 au 8.

Shule ya kijijini yenye walimu wawili au watatu inaweza kuwa na watoto 6 tu wa darasa la pili, nao wanakaa chumba kimoja na darasa la kwanza, pengine na wale wa chekechea pia. Mwalimu huyohuyo anafundisha kusoma, hesabu na Kiayalandi, na katikati ya hayo yote anafundisha Sakramenti ya Kitubio. Huenda yeye mwenyewe ana miaka hajaungama. Hofu yake kubwa ni mtoto kukwama mbele ya kijiji kizima, akalia, na aibu ile ikamkaa hadi uzeeni. Basi anaandika sentensi tatu ubaoni, sentensi zisizomwaibisha mtu wala kutoa siri ya nyumba ya yeyote.

Simlaumu. Makatekista wetu hufanya vilevile wanapokuwa na watoto 200 na zimebaki Jumamosi mbili. Aliyepata mafundisho Moshi, Bukoba, Machakos au Bukavu anaijua orodha yake, na ukimwamsha usiku wa manane ataisema bila kupumua.

Ubaya wa orodha ni huu: mtoto akishapewa, haoni tena sababu ya kutafuta yake.

## Lango la kondoo

Mtoto wa kijijini, awe wa Mayo, Ayalandi, au wa Mbulu, anaishi na mifugo, kwa hiyo mfano wa kufundishia upo mlangoni pake. Mtoto ametumwa kuwapelekea kondoo chakula. Amerudi mbio kwa sababu ya mvua, akasahau kufunga lango. Kondoo 14 wametoka hadi barabarani, baba amekasirika, jirani amelazimika kusimamisha trekta. Je, mtoto ametenda dhambi?

Liulize darasa. Karibu wote watajibu ndiyo, na ukiwauliza kwa nini, watasema kwa sababu baba alikasirika.

Kazi yote ya mwalimu iko hapo. Kusahau si dhambi, hata hasara ikiwa kubwa. Endelea na hadithi: kesho yake kondoo wote wamesharudi salama, baba anauliza nani aliacha lango wazi, na mtoto anajibu, "Ni kaka." Hasara sasa hakuna hata shilingi, na bado dhambi iko hapa, kwa sababu alijua si kweli na alitaka kusema hivyo. Halafu geuza tena: wiki ijayo analiacha lango wazi kusudi, kwa hasira ya kutumwa. Halafu geuza mara ya mwisho: hakuligusa lango kabisa, alilikuta limeachwa wazi na mtu mwingine, akapita zake kwa kuwa halikuwa jukumu lake.

Huo wa mwisho watoto watabishana nao hadi kengele ilie. Waache wabishane. Hakuna orodha ya ubaoni inayoweza kuwafikisha hapo.

Ukimaliza, mtoto anabaki na maswali mawili ya kubeba: nilijua ni vibaya? Nilitaka kukifanya? La tatu, uzito wa jambo lenyewe, Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, inaliweka pamoja na hayo mawili inapoeleza dhambi ya mauti, yaani dhambi nzito, na mtoto atakua nalo.

Kuna jambo ambalo lazima lisemwe darasani kwa sauti, bila haya. Watoto hujitwika lawama zisizo zao. Wapo wanaodhani wazazi wamegombana kwa sababu yao. Wapo wanaotaka kuungama kukojoa kitandani. Wapo wanaotaka kuungama kitu walichotendewa na mtu mzima. Waambie wazi: ulichotendewa si dhambi yako, na jambo la namna hiyo mwambie mtu mzima unayemwamini, tena nje ya maungamo. Padre akilisikia ndani ya maungamo amefungwa na siri, hawezi kulitumia wala kulidokeza. Anachoweza ni kumhakikishia mtoto kwamba kosa si lake na kumsihi alieleze tena mahali ambapo atasaidiwa. Mwalimu akilisema hili mapema, mtoto anajua mlango wa kugonga.

Kuhusu kuichunguza dhamiri, amri kumi zikisomwa moja baada ya nyingine humchosha mtoto wa umri huu. Afike amri ya sita, ameshaanza kuhesabu vioo vya madirisha. Maswali matatu yanatosha. Nani alilia kwa sababu yako? Nani alibaki peke yake uwanjani, nawe ukamwona? Kuna kitu kwenu ambacho si chako? Baada ya kila swali acha kimya. Anza na sekunde 20 katika wiki za mwanzo, ndipo ufike dakika nzima, maana dakika ya kimya kwa mtoto wa miaka minane ni ndefu kama safari.

## Je, ana dhambi huyu?

Wazazi wengi huuliza, na Ayalandi wanauliza kwa uchungu, kwa sababu wazee wao wanakumbuka kisanduku chenye giza na sauti kali nyuma ya wavu. Mtoto wa miaka saba ana nini cha kutubu? Kwa nini tumtie hatia ambayo hakuwa nayo?

Swali ni la zamani. Tarehe 8 Agosti 1910 Papa Pius X, katika hati Quam singulari, aliweka umri wa kupambanua, yaani wa kutofautisha jema na baya, kuwa takriban miaka saba, kwa maungamo na kwa Komunyo. Kabla ya hapo sehemu nyingi mtoto alisubiri Komunyo hadi miaka 10, 12, hata 14. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, baadhi ya nchi zilijaribu kutanguliza Komunyo na kuahirisha maungamo. Roma ikasimamisha jaribio hilo tarehe 24 Mei 1973, na kanuni ya 914 ya Sheria za Kanisa inaushika utaratibu huo hadi leo: mtoto aungame kwanza.

Nakiri kwamba sheria peke yake haikunitosha. Kanuni ya 988 inamdai Mkristo aungame dhambi zake nzito. Zile nyepesi inahimiza tu. Na ni vigumu kumwona mtoto wa darasa la pili akiwa na dhambi ya mauti. Basi tunamwita kwa lipi?

Kilichonigeuza ni neno moja la uwanjani: "Si haki!" Simama uwanja wa shule yoyote, iwe wa changarawe Ayalandi au wa vumbi jekundu Karagwe, utalisikia mara kumi kabla mapumziko hayajaisha. Anayejua amedhulumiwa anajua pia amedhulumu. Anakijua kile alichomfanyia mwenzake nyuma ya choo, na anatembea nacho. Mama akimwambia "usijali, yamepita," amekifunika tu. Mtoto anahitaji mahali pa kukitua, aambiwe kwa jina la Mungu kwamba kimeondolewa, na asiulizwe tena.

Ila kinachotuliwa lazima kiwe kile alichobeba. Ndiyo sababu ile karatasi inaniuma.

## Dakika, viti na kipaza sauti

Tuje kwenye mambo ya kupanga, kwa sababu mtoto aliyeandaliwa vizuri kwa miezi mitano anaweza kuharibiwa na kiti kibaya.

Chukua parokia yenye shule tatu ndogo na watoto 18. Kila mtoto anahitaji dakika tatu, ukijumlisha na kutembea. Padre mmoja atatumia dakika 54 kwa maungamo tu. Dakika ya 30 wadogo zao wameanza kulia, wanaume mlangoni wameanza kupiga soga, na watoto walio mwisho wa foleni wamesahau kila kitu. Mapadre watatu watamaliza kwa dakika 18, na ibada nzima haitazidi dakika 45. Lakini mapadre wa vijijini ni wachache, na wakati wa Kwaresima wote wanazungukiana. Anayepanga tarehe mwezi Februari amechelewa. Panga kabla ya Krismasi.

Ibada inayofaa ni ile ya waungamaji wengi, yenye kuungama na kuondolewa dhambi mmojammoja: wimbo, salamu, somo moja, kuichunguza dhamiri, sala ya kutubu ya pamoja, Baba Yetu, maungamo ya kila mmoja, shukrani, baraka. Somo liwe fupi. Kondoo aliyepotea, Luka 15, aya saba za mwanzo, latosha, na kwa watoto wa wafugaji halihitaji kuelezwa. Kuwaondolea wote dhambi kwa mpigo kwa sababu ya wingi wao hakuruhusiwi. Kanuni ya 961 inadai hatari ya kifo au hitaji kubwa la kweli. Foleni ndefu ya watoto haimo.

Viti. Weka viwili kwa kila padre, mita sita au zaidi kutoka benchi la kwanza lenye watu, mahali ambapo kanisa zima linawaona lakini hakuna anayewasikia. Baada ya machungu ambayo Kanisa la Ayalandi limeyapitia kuhusu usalama wa watoto, hili la kuonekana halina mjadala. Kiti cha mtoto kiwe kifupi, miguu iguse sakafu, kwa sababu mtoto anayening'iniza miguu huwa na wasiwasi mara mbili. Usivielekeze viti viwili uso kwa uso. Vitege pembeni, kama kona ya meza, padre atoe sikio na mtoto apate kutazama mshumaa. Mgongo wa mtoto uelekee kwa watu ili midomo yake isisomeke. Na mtoto anayetaka wavu wa kumtenganisha na padre ana haki ya kuupata; wavu wa kubebeka uliosimamishwa kati ya viti viwili, palepale peupe, unamaliza kazi.

Kipaza sauti. Padre avue kile cha kwenye kola na kukiacha sakristia. Kukizima tu hakutoshi, kwa kuwa vidole vya mtu mwenye haraka hukiwasha bila kujua. Makanisa mengi ya vijijini Ayalandi yana kamera ya kurushia Misa mtandaoni kwa ajili ya wagonjwa na walio mbali. Izimwe kabla maungamo hayajaanza, sauti na picha. Kuna pia mfumo unaopeleka sauti ya kipaza moja kwa moja kwenye kifaa cha sikioni cha mwenye usikivu hafifu. Kipaza kimoja kilichosahauliwa, na bibi wa benchi la tano anasikia maungamo ya mjukuu wa jirani. Mtu mmoja apewe jukumu hili peke yake, na asipewe lingine.

Muziki uwe wa ala tu, wa chini, usiokatika. Kwaya ikiimba kwa nguvu mtoto hulazimika kupaza sauti. Kukiwa kimya kabisa, hata mnong'ono husafiri.

Mkono. Wakati wa kuondolea dhambi padre hunyoosha mikono, au walau mkono wa kuume, juu ya kichwa cha mwenye kutubu. Hahitaji kumgusa. Waonyeshe watoto darasani kabla ya siku yenyewe, kwa sababu mtoto aliyezoea kofi akiona mkono wa mtu mzima unainuka juu ya kichwa chake hujikunja. Wapo watoto wa hivyo katika kila nchi.

Malipizi, yaani tendo analopewa baada ya kuungama, yawe kitu chenye mwisho, kinachoweza kumalizika kabla ya kulala. Baba Yetu moja imekwisha ikisemwa. "Uwe mwema kwa mama wiki nzima" haina mwisho. Mtoto atashindwa Jumanne na kudhani msamaha wake umefutika. Wala yasiwe malipizi yanayofichua, kama kurudisha kitu mbele ya watu. Na maneno ya padre kwa mtoto yawe sentensi moja. Ya pili anaisikia nusu, ya tatu haisikii.

Mtoto akinyamaza je? Padre asubiri. Kisha aulize kwa upole kama kuna jambo analolijutia. Akitikisa kichwa kukubali, yatosha kuanzia hapo. Na akisahau dhambi fulani, imesamehewa pamoja na nyingine. Mwambie hivyo kabla hajainuka, ama sivyo atarudi benchi akilia.

## Sala mbili

Wiki hizi nimeziweka pamoja sala mbili za kutubu, ya watoto wa Ayalandi na ya kwetu. Yao ya darasani inaanza kwa kumshukuru Mungu kwa kunipenda, ndipo inaomba radhi kwa dhambi, kwa kutowapenda wengine na kutompenda yeye, na inamalizia kwa kuomba kuishi kama Yesu. Ya kwetu inaingia moja kwa moja: Mungu wangu, nimetubu sana niliyokosa kwako.

Mwanzoni niliona ya kwao ni laini mno. Sasa sina hakika hiyo. Mtoto anayeanza kwa kushukuru ameshaambiwa anazungumza na nani kabla hajasema alichofanya, na kwa mtoto mpangilio huo ni wa thamani. Lakini ya kwetu ina hazina yake karibu na mwisho: nitafanya kitubio, naomba neema yako, nipate kurudi. Kurudi hapo ni kujirudi, kujirekebisha. Mtoto wa leo hasikii hivyo. Anasikia kurudi nyumbani. Na amesikia vizuri kuliko tunavyodhani, maana yule mwana mpotevu alifanya yote mawili kwa safari moja.

Kwa upande wa kupanga: sala hii isemwe na wote kwa pamoja kabla ya foleni kuanza. Mtoto akifika kitini, asidaiwe kuikariri peke yake. Nusu ya machozi ya maungamo ya kwanza yanatokana na sala iliyosahauliwa katikati, wala hayahusiani na dhambi.

## Padre mwenye lafudhi ngeni

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapoingia ndani ya hadithi. Ayalandi ilituletea mapadre kwa miongo mingi. Shirika la Mt. Patrick, lililoanzishwa Kiltegan, Ayalandi, mwaka 1932, limekuwa Turkana tangu 1961. Leo njia imegeuka, na padre wa kijiji cha Ayalandi anaweza kuwa Mwafrika au Mhindi.

Padre huyo ana Kiingereza kizuri, lakini sikio la mtoto wa miaka minane halijawahi kukisikia cha namna hiyo. Ile sentensi yake moja inaweza kupotea yote. Dawa ni kwenda darasani mara tatu au nne kabla ya siku, asome hadithi kwa sauti, aulizwe maswali kuhusu simba na mvua, watoto waizoee sauti. Akisema maneno ya kuondolea dhambi ayaseme polepole, kila neno lipate nafasi yake.

Majina nayo yamtake ajifunze. Caoimhe hutamkwa Kiiva au Kwiva, kutegemea eneo. Tadhg ni Taigi bila ile i ya mwisho. Oisín ni Oshiin. Kwenye maungamo jina halihitajiki. Kwenye kutoa vyeti linahitajika, na mtoto aliyeitwa vibaya mbele ya babu yake analikumbuka hilo zaidi ya mahubiri.

Na kinyume chake: kijijini hapo anaweza kuwapo mtoto wa familia iliyotoka Kongo, anayesali kwa Kiswahili nyumbani na kusoma kwa Kiingereza shuleni. Dhambi zake ziko katika lugha gani? Mara nyingi katika ile anayogombania na kaka yake. Kama yupo padre anayeijua, mtafute. Mkalimani anaruhusiwa, na amefungwa na siri vilevile, lakini kwa mtoto mkalimani ni mtu mzima wa pili kitini, na wawili ni wengi. Afadhali mtoto aseme kwa lugha yake na padre asiyeielewa vizuri amsaidie kwa swali jepesi moja au mawili, kuliko mama kuketi katikati kutafsiri.

## Wasio kwenye foleni

Vyeti vya ubatizo vikusanywe mwanzoni mwa mwaka wa shule. Kila mara hugundulika mtoto mmoja ambaye hakubatizwa, na ikigundulika wiki tatu kabla, nyumba nzima inapata homa. Mtoto huyo haungami. Kwa kuwa ameshafika umri wa kupambanua, anaandaliwa kama mkatekumeni, yaani mtu anayejiandaa kubatizwa, na siku atakapobatizwa ubatizo wenyewe utamwondolea dhambi zote; hatahitaji kuungama kabla ya Komunyo yake ya Kwanza. Watoto wa imani nyingine, au wa wazazi wasiotaka, katiba ya Ayalandi inawalinda wasifundishwe dini shuleni kwa lazima. Wapewe kazi yenye maana, wasikae kona wakipaka rangi picha ileile kila mwaka.

## Karatasi ibaki

Nilianza nikitaka karatasi ifutwe. Nimebadilika.

Kwa mtoto mwenye woga, karatasi ni kama fito ya kushikilia anapovuka mto. Ukimnyang'anya, anaweza asivuke. Tulichokosea ni kumwandikia. Basi apewe tupu. Aende nayo nyumbani siku tatu kabla, akae nayo peke yake baada ya yale maswali matatu, aandike au achore anachotaka. Atakayechora lango ajue mwenyewe lango lile ni la nini. Neno moja latosha, hata alama. Asiandike jina lake.

Mzazi asiisome. Nalisema hili kwa mkazo, kwa kuwa hapa ndipo pazuri panapoharibikia. Mama mwema anaikunjua usiku ili kurekebisha tahajia, na asubuhi mtoto hana tena kitu cha kumwambia Mungu ambacho mama hajakihariri. Na baada ya maungamo asiulizwe: ulisema nini, padre alikuambia nini. Siri ya maungamo inambana padre, haimbani mtoto. Lakini mtoto anayehojiwa garini hajifunzi kwamba kuna mahali pa kutua mzigo.

Karatasi zenyewe zisikusanywe kwenye kikapu mbele ya altare, hata ikiwa ni kwa nia ya kuzichoma. Kijijini kila mtu anaujua mwandiko wa kila mtoto. Kila mmoja aichane yake vipande vidogo mwenyewe, aondoke navyo. Wanaopenda ishara wampe mtoto mshumaa mdogo auweke kwenye sinia la mchanga, na mtu mzima ndiye auwashe. Mikono mipana ya nguo na nywele ndefu havipatani na moto.

## Mara ya pili

Tukisema "ya kwanza" tumeahidi ya pili. Mwezi Mei ukipita, gauni jeupe limekunjwa na bahasha za pesa kutoka kwa shangazi na majirani zimefunguliwa, watoto wengi wa Ayalandi hawataketi tena kwenye kile kiti hadi darasa la sita, karibu na Kipaimara. Ni miaka minne. Kwetu pia wapo wanaokaa hadi wiki ya ndoa.

Tarehe ya pili itangazwe kabla ya ile ya kwanza kufika. Iwe Alhamisi moja ya Juni, shule zikiwa bado hazijafungwa, saa nne asubuhi. Mara nyingi kanisa la kijijini na shule viko hatua chache tu. Watoto waje na mwalimu wao, sita kwa sita, bila wazazi, bila kwaya, bila vyeti wala picha. Viti viwili vikae pembeni kama ile jioni, mlango uwe wazi, mwalimu aketi nyuma anapoonekana. Nusu saa inatosha. Wa madarasa ya juu wanaotaka nao waje. Asiyetaka kuungama aketi, apewe baraka, arudi darasani, na asiulizwe na mtu.

Siku hiyo ubao uwe mtupu. Anayetaka karatasi aje nayo.